Sura ya Sita: Kasi ya Kiitikio

Dar es Salaam mtu mzima hakimbii bure. Akionekana anatimua mbio, ama anawahi daladala, ama ana mgonjwa nyumbani, ama amekwapua kitu cha mtu. Kwa hiyo anayeamua kuanza mazoezi peke yake alfajiri, kwenye vichochoro vya Buza au Mbagala Kizuiani, anakumbana na jambo ambalo vitabu vya mbio vya Ulaya haviligusi: namna ya kupita gizani mbiombio bila kuitiwa mwizi. Vijana wa ulinzi shirikishi wana filimbi na virungu, na hawana muda wa kukagua kama raba zako ni za mazoezi. Mbwa nao hawaulizi.

Watu wa Temeke walikwishalimaliza hilo zamani. Wao hukimbia kwa kundi, na kundi lenyewe utalisikia kabla hujaliona. Amka Jumapili, usimame Mtoni Mtongani au kando ya uwanja wa Mwembe Yanga kule Tandika kabla jua halijatoka. Kwanza inakuja filimbi. Halafu sauti moja iliyokwaruza, inatupa ubeti. Halafu sauti za watu wazima, makumi kwa makumi, zinaujibu ubeti huo kwa pamoja, na chini yake vishindo vya miguu. Wanapita safu mbilimbili, fulana za rangi moja zenye jina la mtaa mgongoni, mbele kijana mwenye kitambaa chekundu cha kusimamisha magari. Nyuma kabisa wanakuja akina mama, wengine wamejifunga khanga kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, wanachapa mwendo ambao mtu mwenye haraka angeuita kutembea. Muuza vitumbua kando ya barabara anaitikia nao bila kuinua macho kwenye kikaango. Hakuna anayepiga yowe. Mwizi gani anaimba?

Sidai kwamba joging ilibuniwa Temeke. Ninachodai ni kwamba vikundi hivi vya mitaani vimejibu swali ambalo makocha na watengenezaji wa saa za kisasa bado wanahangaika nalo, yaani mtu wa kawaida, asiyetafuta medali, afanye nini ili mbio zimpe raha na wiki ijayo arudi. Wengi wanaoacha hawaachi kwa uvivu. Wanaacha kwa sababu wamekimbia haraka kuliko raha inavyoruhusu, na mwili umeweka kumbukumbu ya mateso. Kipimo kizuri cha kasi yenye raha ni kiitikio. Ukiweza kuitikia wimbo, uko mahali pake. Ukishindwa, umepitiliza.

Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali hahitaji kuelezwa mchakamchaka. Ulikuwa kabla ya mstarini, kiranja wa zamu pembeni, vumbi la uwanja, na nyimbo za kumcheka Idi Amin zilizoendelea kuimbwa miaka mingi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, zikiimbwa na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa vita vikipiganwa. Waliofika kidato cha sita waliukuta tena Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, safari hii ukiwa na viatu vizito na afande asiyetania. Mafunzo hayo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Katikati hapo kuna kizazi kizima kilichomaliza masomo bila kuguswa na afande, na nina hisia kwamba ndicho leo kinachojaza safu za nyuma za joging, kikibeba vitambi vyake kwa heshima.

Lakini asili ya vikundi hivi, ukiniuliza mimi, si shule wala jeshi peke yake. Kuna beni. Tangu miaka ya 1890 pwani ya Kenya, kisha Tanganyika nzima, watu wa mijini walijiunga na vyama vya ngoma vilivyoiga gwaride la wazungu: sare, vyeo, ngoma za bendi, na maandamano ya kupita mitaani kumtambia mpinzani. Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti, na hadi miaka ya 1930 watu waliojiona wa maana walijulikana wako upande gani. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975. Alichokieleza ndani yake ni zaidi ya ngoma. Vyama vile vilimuuguza mwanachama na kumzika. Tazama sasa kikundi cha joging cha Chamazi au Yombo: kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kina fulana ambayo mtu wa mtaa wa pili haruhusiwi kuivaa, kinatembeleana na vikundi vingine kwa bonanza, na mwanachama akifiwa mchango unapita siku hiyohiyo. Ni watu wa kufa na kuzikana ambao kwa bahati nzuri hukutana wakiwa na raba miguuni.

Serikali nayo ilijaribu kuingia humo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Viongozi walivaa trakisuti, kamera zikaja. Vikundi vya Temeke havikuhitaji agizo, kwa sababu vilikuwa barabarani kila wiki tayari, na sababu ya kuwa barabarani haikuwa shinikizo la damu wala kisukari. Mtu hatoki kitandani alfajiri ya Jumapili kwa kuhofia kisukari. Anatoka kwa sababu asipotoka ataimbwa.

Naam, ataimbwa. Tuje basi kwa mwimbishaji.

Mwimbishaji mzuri hakai mbele kabisa. Hukimbia pembeni ya safu, kama katikati hivi, wakati mwingine kinyumenyume, filimbi shingoni. Anaanza ubeti mguu wa kushoto unapogusa chini, na kundi likimfuata mara mbili tatu, miguu yote inakuwa imeshajipanga bila mtu kuambiwa ajipange. Anapotupa ubeti, wengine wanavuta pumzi. Wanapoitikia, wanaitoa, ndefu, mpaka chini. Ndiyo kusema kundi zima linapumua kwa mpango mmoja, na asiyejua chochote kuhusu mapafu anapumua sawasawa. Maneno anayatunga palepale: aliyechelewa, aliyeoa juzi, Simba iliyofungwa au Yanga iliyofungwa, mtaa jirani ambao wiki iliyopita ulikimbia nusu ya njia ukapanda bajaji. Kicheko kinapita kwenye safu, na mtu anajikuta amemaliza mteremko na mlima wa Mtongani akiwa anawaza jibu la kuwarudishia.

Kazi yake kubwa ni sikio. Kiitikio kikianza kupungua uzito, sauti za nyuma zikianza kukatika kabla ya neno la mwisho, anajua kasi imezidi. Hapo hatangazi kwamba tupunguze, maana hilo lingewaaibisha walioko nyuma. Anabadilisha wimbo. Anachukua ule mzito, wa mwendo wa kuburura, na miguu inatii. Sijaona kocha mwenye mashine anayefanya marekebisho laini kiasi hicho. Kasi ya kundi zima inaamuliwa na mapafu dhaifu kuliko yote, na mwenye mapafu hayo hajui kama yeye ndiye aliyeamua.

Sayansi ya mazoezi imefika hapohapo kwa njia ndefu. Panteleimon Ekkekakis, aliyekuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State huko Marekani, ametumia miaka mingi kuwauliza watu wanajisikiaje wakiwa katikati ya mazoezi, si baada ya kumaliza. Picha inayojitokeza ni hii: mpaka kiwango fulani cha kuhema, watu wengi hujisikia vizuri, wakikivuka, karibu kila mtu, mzoefu na mgeni, huanza kujisikia vibaya. Kiwango hicho ndicho ambapo mtu hawezi tena kusema sentensi nzima kwa utulivu. Na jinsi mtu alivyojisikia njiani inasaidia kutabiri kama atarudi. Kwa maneno ya Tandika: aliyekatwa pumzi Jumapili hii, Jumapili ijayo ana dharura.

Kuna na habari ya kemia. Kwa muda mrefu ile furaha ya mkimbiaji ilihesabiwa kuwa kazi ya endofini, lakini molekuli hizo hazipenyi kirahisi kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Siku hizi watafiti wanaelekeza kidole zaidi kwa kemikali nyingine ambazo mwili hujitengenezea, zinazofanana kazi na zile za bangi. David Raichlen na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti uliowakimbiza watu, mbwa, na wanyama wa jamii ya kicheche. Kwa watu na mbwa kemikali hizo zilipanda baada ya kukimbia. Kwa mnyama yule wa tatu, ambaye asili yake si mkimbiaji wa masafa, hazikupanda. Kazi iliyofuata ikaonyesha kwamba kwa binadamu hupanda pale anapokimbia kwa kasi ya wastani, na kwamba kutembea taratibu au kukimbia kwa nguvu zote hakuleti kiasi hicho. Bangi ya bure, halali, na iko kwenye kasi ya kiitikio. Afande hawezi kukukamata nayo.

Kuhusu kufanya kwa pamoja, Chuo Kikuu cha Oxford kiliwachukua wapiga makasia wake na kuwafanyisha mazoezi kwenye mashine, mara peke yao, mara kwa kundi, kwa nguvu ileile. Baada ya hapo wakapimwa uvumilivu wa maumivu kwa kubanwa mkono na kile kifaa cha kupimia presha. Waliofanya kwa pamoja walivumilia zaidi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2009. Mwanahistoria William McNeill alikuwa ameshalifikia jambo hilo bila mashine. Mwaka 1941 alichukuliwa jeshini, akapelekwa kambini Texas, na kwa kuwa zana za kujifunzia zilikuwa haba, wakuu waliwapa gwaride la saa nyingi juani. Alitegemea kuchukia. Badala yake alijikuta ana furaha isiyo na maelezo, hali ya kujiona amepanuka na kuwa mkubwa kuliko mwili wake, na miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 1995, akaandika kitabu kuhusu binadamu wanaosogeza miili yao kwa mpigo mmoja. Mtoto wa darasa la nne pale Charambe angemwelewa bila kusoma kitabu.

Hapa nitoe dukuduku langu. Vikundi kadhaa sasa vimeacha kuimba. Wanatanguliza pikapu au bajaji yenye spika, wanafungulia muziki, na kundi linafuata nyuma likiwa kimya. Nawaelewa. Muziki wa spika hauchoki, na waimbishaji wazuri ni wachache kama mafundi wazuri. Lakini spika haina sikio. Haijui kwamba mama wa safu ya mwisho ameanza kubanwa mbavu. Tena muziki unaopendwa mitaani kwetu ni singeli, ambayo mara nyingi huvuka midundo 200 kwa dakika, wakati mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 150 hadi 170 katika muda huohuo. Matokeo yake ni kwamba vijana wanajaribu kuufuata, wazee wanajifanya hawausikii, na safu inakatika vipande viwili kabla ya kufika Zakhem. Singeli ina mahali pake, napo ni uwanjani mwisho wa safari, wakati wa kunyoosha viungo na kuonyeshana viuno.

Ng'ambo ya pili ya jiji mambo yana sura nyingine. Kinondoni, kuanzia Mikocheni mpaka Mbezi Beach na kuendelea Tegeta na Bunju, wakimbiaji wengi ni watu wa ofisini, na mazoezi yao yamo kwenye saa ya mkononi na simu. Wanakutana Coco Beach, au wanapanda Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na ambalo lina urefu wa kilomita moja na kidogo juu ya bahari, lenye njia pana ya waenda kwa miguu na upepo ambao Tandika hawaujui. Wakimaliza, hata salamu ya kwanza ni kuhusu dakika ngapi kwa kilomita. Picha ya ramani inapandishwa mtandaoni kabla jasho halijakauka. Mwisho wa wiki kuna mbio za benki, mbio za shule, mbio za hisani, nyingine za kilomita 5 tu lakini zinaitwa marathoni, na medali kwa kila anayefika.

Silidharau hilo. Medali imewatoa watu wengi kitandani. Ila saa ina tabia moja mbaya: inamwambia mtu alivyokimbia jana. Na mtu akishajua alivyokimbia jana, leo anataka kujishinda, kesho pia, na mwili haukuumbwa kushinda kila siku. Kinachochekesha ni kwamba mabingwa wenyewe hawafanyi hivyo. Stephen Seiler, Mmarekani anayefanya utafiti Norway, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wa kiwango cha juu wa masafa aliona kwamba takriban vipindi vinne kati ya vitano ni vya polepole, vya kuweza kupiga soga. Ni sisi wa Mwenge tunaogeuza kila asubuhi kuwa fainali.

Pengine tatizo ni mashujaa wetu tunavyowakumbuka. Februari 2, 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi alitangulia tangu mwanzo wa mita 1,500 na hakukubali kupitwa, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Septemba 2025 Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kabla yao kuna John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho, goti limefungwa bandeji. Ni hadithi kubwa, na zote ni za maumivu. Mtoto anayezisikia anahitimisha kwamba kukimbia ni kuumia kwa ajili ya taifa. Hakuna aliyemsimulia jinsi watu hao wanavyokimbia siku za katikati ya wiki, taratibu, wakizungumza.

Hata joging ya wazungu ilianza kwa polepole. Mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alikwenda New Zealand kumtembelea kocha mwenzake Arthur Lydiard, ambaye alikuwa amewaanzishia watu wa makamo wa Auckland mbio za taratibu. Bowerman, mwenye umri wa miaka 51 na kocha wa mabingwa, alialikwa ajiunge nao Jumapili asubuhi. Akaachwa nyuma, na aliyebaki kumsindikiza ni mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyewahi kuugua moyo, akimpigisha stori muda wote. Bowerman hakuwa na pumzi ya kujibu. Alirudi Marekani akaanzisha jambo hilohilo Oregon, na kitabu alichokitoa na daktari mmoja mwaka 1967 kikaeneza joging nchi nzima. Huko nako mambo yalianza kwa watu wanaoweza kuongea na mtu asiyeweza.

Anayekimbia peke yake, kwa sababu ya zamu za kazi au kwa sababu hapendi watu asubuhi, anaweza kujiimbisha. Si lazima atoe sauti mpaka majirani waulizane. Chagua kitu unachokijua kwa moyo, kiwe wimbo wa shule, kaswida au pambio, na kila baada ya dakika chache ukiseme kwa sauti ya kawaida mstari mzima. Kikitoka bila kukatwa katikati, endelea. Kikikatika, tembea. Kutembea hakuharibu mazoezi. Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alianza miaka miwili baadaye kuwafundisha wanaoanza kuchanganya mbio na kutembea kwa zamu tangu hatua za mwanzo, kabla hawajachoka. Dakika moja ya mbio, dakika moja ya mwendo, kutoka Kijichi mpaka Mtoni na kurudi, ni joging kamili, na anayekucheka kutoka juu ya bodaboda hajakimbia tangu darasa la saba.

Kipimo hiki kina faida nyingine ambayo saa haina: kinajua hali ya hewa. Jasho humpoza mtu likikauka. Januari mpaka Machi hewa ya Dar es Salaam imeshiba unyevu, jasho halikauki, linadondoka tu, na moyo unapiga haraka zaidi kwa kasi ileile ya Julai. Anayefuata saa ataona amezorota na kujilaumu. Anayefuata kiitikio atajikuta amepunguza mwendo mwenyewe, kwa sababu sauti imekataa. Kama bado hujaanza na una nafasi ya kuchagua, anza wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, mwili uzoee kabla joto halijarudi. Masika usipambane nayo: barabara za ndani za Mbagala na Toangoma zikishakuwa tope, siku hiyo ruka kamba barazani.

Raba. Najua wengi wanasubiri sehemu hii, na najua pia kwamba raba mpya za mbio dukani zinaweza kumeza mshahara wa mwezi wa mlinzi. Mtumba upo, Tandika sokoni au Karume, na mtumba wa raba una siri zake. Usidanganyike na rangi, wala na kamba mpya. Shika kiatu, weka dole gumba ubavuni, kwenye lile sponji lililo kati ya kitambaa na raba ya chini, ubonyeze kwa nguvu. Likiingia na kurudi, lina uhai. Likiwa gumu, au lina mikunjo mingi ya mlalo kama shingo ya kobe, limekwisha hata kama juu panang'aa. Kisha kiweke juu ya kitu kilichonyooka, chuchumaa, ukitazame kwa nyuma: kisigino kikilalia upande, aliyekivaa kabla yako amekuachia mwendo wake. Kikunje, kinatakiwa kupinda penye vidole, kikipinda katikati kiache. Mwisho kinuse. Harufu kali ya gundi maana yake fundi amebandika soli upya jana usiku, nayo itaachia siku ya mvua ya kwanza. Chukua kinachoacha nafasi ya upana wa kidole mbele, kwa kuwa miguu huvimba joto likipanda. Muuzaji atakuambia kitatanuka. Hakitatanuka.

Barabara ni suala zito kuliko raba. Julai 2023 jijini Mwanza gari liliparamia kikundi cha joging kikiwa barabarani asubuhi, na watu kadhaa wakafa. Tangu hapo sioni haya kuwa mkorofi juu ya jambo hili. Kundi linaloimba linajisahau. Ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake. Kilwa Road na Bagamoyo Road si mahali pa kukimbilia gizani, hata kukiwa na kitambaa chekundu mbele, kwa maana dereva wa lori aliyekesha haoni kitambaa. Mitaa ya ndani ina mashimo lakini haina malori. Aliye peke yake akimbie upande wa kulia, ayaone magari yanayomjia. Kundi liwe na mtu wa mwisho mwenye kizibao cha kuakisi taa, mtu mzima asiyeona aibu kupiga filimbi, na fulana nyeusi za sare, ambazo vijana wanazipenda kwa sababu zinapendeza kwenye picha, zisivaliwe kabla ya mapambazuko.

Baadaye kuna supu. Madaktari wa mitandaoni huwasema sana watu wa joging kwa kumaliza kilomita tano na kukaa chini kula kongoro na chapati mbili, wakisema wamerudisha kila kitu walichokichoma. Hesabu yao huenda ni sahihi. Mimi niko upande wa supu. Aliyekuja kwa ajili ya supu amekuja, na wiki ijayo atakuja tena. Aliyekuja kwa ajili ya kupungua ataacha siku mizani itakapogoma, nayo hugoma. Kwenye benchi la supu ndipo mchango wa msiba unapokusanywa, ndipo binti anapoambiwa kuna kazi ya ushonaji Keko, ndipo bonanza la mwezi ujao linapopangwa. Kwa wanawake hasa, kikundi kimefungua barabara ambayo ilikuwa imefungwa. Mwanamke akikimbia peke yake Temeke, kila kijiwe cha bodaboda kina neno la kumrushia. Akiwa kwenye safu yenye watu arobaini, neno hilo humrudia mrushaji likiwa na kiitikio.

Kujiunga hakuna fomu. Uliza kwenye genge au kwa mjumbe wa shina, utaambiwa wanapokutania na saa. Fika ukiwa umevaa chochote. Sare utachangia baadaye, wakishaona unarudi. Toa salamu kwa wazee kwanza. Utaulizwa mtaa na timu, na jibu la timu litakufuata miaka yote utakayokaa hapo, kwa hiyo sema ukweli. Siku ya kwanza vijana watakuita mbele, kwa ukarimu na kwa uchokozi pia. Usiende. Kaa safu za nyuma na akina mama, ambako wimbo hufika umechelewa kidogo lakini watu wote wanauitikia, na siku ukiona kundi zima limenyamaza kwa kuhema, mwambie mwimbishaji abadilishe. Akikataa, mtaa wa pili nao wana joging.